Goti Halipimwi kwa Macho

Binti mmoja wa Ilembula, kidato cha tatu, mcheza mpira, ameniletea maswali mawili, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, leo tukae naye sote.

Mwaka jana aligeuka na mpira, akasikia goti limelia "tak", akaanguka. Ligamenti ya mbele, hii ambayo mashabiki wote wanaijua kwa jina la ACL, ilikuwa imekatika. Akafanyiwa upasuaji. Sasa yuko mwezi wa 5: anatembea bila kuchechemea, anapanda ngazi, goti haliumi. Kwenye simu ya kaka yake ameona video ya mchezaji wa Ulaya amefungwa mikanda kwenye kiti kikubwa kilichounganishwa na kompyuta, anapiga teke hewani, huku skrini inachora milima. Ameambiwa kiti kile ndicho kinachorudisha nguvu za goti. Sasa anauliza: "Dada, kiti kile nitakipata hospitali gani? Na je, UMISSETA ya mwaka huu nicheze?"

Nianze na la pili, la michezo ya shule za sekondari, maana ndilo lenye haraka. Usicheze. Usininunie kwanza, sababu zinakuja.

Kiti ulichokiona ni mashine ya aisokinetiki, na ujanja wake wote uko kwenye mwendo. Mtaalamu anaipangia, tuseme, nyuzi 60 kwa sekunde. Maana yake mguu uliokunjwa nyuzi 90 utachukua sekunde moja na nusu kunyooka, hata ukisukuma kwa hasira zako zote. Haikubali kwenda kasi zaidi ya hapo. Nguvu unayoiongeza inakurudia kama ukinzani, na ukisukuma kidogo nayo inakukinza kidogo. Goti likiuma katikati ya safari ukalegeza, mzigo nao unaondoka papo hapo, haukuangukii. Ndiyo maana watu wa utengamao wanaipenda: mgonjwa anaweza kutoa nguvu yake yote pasipo chuma kumlalia mguuni.

Chuma cha jimu ni habari nyingine. Kilo 20 ni kilo 20 tangu mwanzo wa teke hadi mwisho, lakini goti la binadamu halina nguvu ileile katika kila pembe. Kwa hiyo pembe dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua utanyanyua kilo ngapi, na kwenye pembe nyingine msuli unakuwa kama uko likizo. Kile kiti kinaukamua msuli kila mahali.

Ukiangalia video tena, tazama wanavyomkalisha yule mchezaji. Mikanda miwili inapita kifuani, mmoja kiunoni, mwingine juu ya paja, ili asiibe nguvu kwa kujinyanyua makalio. Kisha mtaalamu anainama, anatafuta kwa kidole mfupa wa pembeni mwa goti, anausogeza mhimili wa mashine mpaka ukae sawa na goti lenyewe. Wakikosea hapo, namba zote zinazofuata ni za uongo. Muundi unafungwa kwenye mto mdogo juu ya kifundo. Teke la kwanza ni la mazoea, halafu yanakuja yale ya kweli, machache tu, kwa mguu mzima kwanza. Kilima kwenye skrini ni nguvu ya kuzungusha goti, wanaipima kwa nyutoni-mita, na kilele chake ndicho wanachokiandika. Kilima kikiwa na bonde katikati, mtaalamu anajua kwamba pembe ile ina jambo: pengine maumivu, pengine msuli unaogopa.

Wazo hili la mashine inayodhibiti mwendo ni la zamani. Mmarekani James Perrine ndiye aliyelibuni miaka ya 1960, na mwaka 1967 yeye na mtaalamu wa mazoezi tiba Helen Hislop wakalieleza katika jarida la kitaaluma. Mashine za mwanzo ziliitwa Cybex. Siku hizi jina linalosikika zaidi ni Biodex. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, pesa ambayo huku kwetu mtu ananunua trekta. Kwa hiyo usimtoe baba machozi ya nauli kuzunguka Njombe, Iringa na Mbeya kutafuta kiti. Na akitokea mtu mnadani Makambako na kidude cha kutetemesha miguu akasema ndicho hichohicho cha Ulaya, mpe shikamoo upite.

Hata kingekuwepo hapohapo Hospitali ya Kilutheri Ilembula, dakika chache kutoka kwenu, kisingekufanyia ile kazi unayoitarajia. Ni kweli watu hufanyia mazoezi juu yake. Lakini kazi yake kubwa ni kuuumbua msuli. Mguu unaodai umepona unakalishwa pale, na namba inasema bado.

Ngoja nikupeleke Doha, huko Ghuba ambako ndugu zetu wengi wapo kikazi. Kuna hospitali ya wanamichezo inaitwa Aspetar. Mwaka 2016 watafiti wake walitoa habari za wachezaji wa kulipwa 158, wanaume, waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti kama yako. Kabla ya kuruhusiwa kurudi uwanjani walikuwa na mitihani 6. Mmojawapo ni wa kile kiti: paja la mguu ulioumia lisizidiwe na la mguu mzima kwa zaidi ya asilimia 10. Mingine ilikuwa ya kuruka kwa mguu mmoja kwa namna tatu, kukimbia kwa kugeukageuka, na kumaliza mazoezi yote ya uwanjani. Wengine walirudi wakiwa wamefaulu yote, wengine walirudi hivyohivyo. Kati ya wote, 26 walichanika tena. Na waliorudi bila kufaulu mitihani yote 6 walikuwa na hatari mara nne ya waliofaulu. Jambo jingine lililojitokeza: misuli ya nyuma ya paja ikiwa dhaifu mno ukilinganisha na ya mbele, hatari inapanda zaidi. Hao ni watu wenye kiti, daktari na mshahara. Wewe una daftari la hesabu na mechi ya Jumamosi.

Ila sitaki ukiabudu kiti. Mwaka huohuo, hospitali hiyohiyo ilitoa utafiti mwingine wa wachezaji 614 waliopimwa kwa kipindi cha misimu minne, kuona kama mashine inaweza kutabiri nani atachanika nyama za paja. Ilishindwa. Namba za walioumia na za wasioumia zilifanana kiasi kwamba usingeweza kumtoa mmoja kwenye mstari ukasema "huyu hapa". Mashine inakueleza hali ya msuli leo. Ya kesho haina habari nayo.

Sasa turudi kwenye mwezi wako wa 5, maana najua hapo ndipo unapobishana nami kimoyomoyo.

Goti la mwezi wa 5 ni laghai. Haliumi, halijavimba, linakubeba hadi shule na kurudi. Lakini ile kano waliyokutolea sehemu nyingine ya mwili wakaipandikiza ndani ya goti bado inajengwa upya, na kazi hiyo inakwenda miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Utafiti wa pamoja wa Norway na Marekani, nao wa 2016, uliwafuatilia watu 106 waliofanyiwa upasuaji huu. Kila mwezi mmoja ambao mtu alisubiri kabla ya kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kugongana, hadi kufika mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa karibu nusu. Na waliorudi huku mapaja yao yanakaribiana nguvu waliumia mara chache kuliko wengine. Kwa hiyo masharti ni mawili yanayokwenda pamoja: miezi 9 itimie, na paja lifaulu. Miezi ikitimia paja likiwa bado, unasubiri. Paja likiwahi miezi haijatimia, unasubiri pia. Na wewe una mengine mawili ya kukuongezea hatari: ni msichana, na wasichana huchanika ligamenti hii mara mbili hadi tatu kuliko wavulana wa mchezo uleule, halafu bado mdogo, na vijana ndio wanaoongoza kwa kurudia.

UMISSETA hii inakupita. Ya mwakani ipo.

Haya, paja utalipima vipi bila kiti? Wewe umekulia mkoa wa viazi, lumbesa unaijua. Mnunuzi anajaza gunia mpaka linaota kichwa, analishonea kofia ya nyavu, anaangalia kwa macho, anasema "gunia moja". Mama anajua kaibiwa lakini hana mizani ya kumwonyesha. Magoti yetu mengi yanarudishwa uwanjani kwa lumbesa: kocha anaangalia, anasema "naona uko fiti".

Mizani ipo. Ile ya kuning'inia yenye ndoano, ya kupimia nyama au viazi, inatosha kwa kazi hii, na ikiwa ya namba za kidijitali ni bora zaidi. Nenda nayo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, umwombe mfanye pamoja, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama kano yako iko tayari kwa teke la nguvu zote. Ukae juu ya meza imara, miguu ining'inie, goti limekunjwa nyuzi 90. Mkanda mpana, tena uwe na kitambaa chini yake usikate ngozi, unazungushwa juu kidogo ya kifundo. Mizani inafungwa kati ya mkanda na mguu wa meza kwa nyuma, kamba ikiwa imenyooka kabisa. Unajaribu kunyoosha goti taratibu, unaongeza, unaongeza, mpaka nguvu zote, unashikilia sekunde chache. Mguu hausogei, lakini mizani inasoma. Mara tatu kila mguu, chukua kubwa. Mguu mzima ukisoma kilo 40 na ulioumia 30, gawanya: asilimia 75. Shabaha ni 90 kwenda juu. Mkirudia mwezi ujao, kamba iwe na urefu uleule na mkanda ukae palepale, la sivyo mnajidanganya.

Hicho si kiti cha Doha. Kinapima nguvu ya pembe moja, tena mguu ukiwa umetulia. Lakini kinakupa namba.

Kuna mtego hapa nataka uujue. Mguu wako mzima nao ulikaa miezi bila mpira, ukapungua nguvu. Ukifikisha asilimia 90 ya mguu uliolegea, umefikisha asilimia 90 ya nini? Kwa hiyo fanyia mazoezi miguu yote miwili, na angalia kilo zenyewe zinapanda au zimelala.

Na mtego wa pili: kuruka mbele kwa mguu mmoja na kupima kwa futi. Makocha wanaupenda mtihani huu kwa sababu ni rahisi, nami siukatazi. Ila watafiti wa Aspetar walionyesha kwamba katika kujirusha mbele, goti linachangia takriban moja ya nane tu ya kazi. Iliyobaki inafanywa na nyonga na kifundo. Paja dhaifu linaweza kujificha humo na bado ukafaulu mtihani. Kuruka juu kwa mguu mmoja kunalifichua zaidi, maana hapo goti linadaiwa sehemu kubwa zaidi ya kazi. Ukishapewa ruhusa ya kuruka, chora alama ya chaki ukutani.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu, ndiyo maana watu wanayaacha. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyanyuka kwa mguu mmoja, rudi taratibu bila kujibwaga. Panda na kushuka kibaraza kwa mguu ulioumia, ukishuka hesabu hadi tatu. Lala chali, nyanyua makalio kwa mguu mmoja. Ukiwa na rafiki mwenye subira, piga magoti juu ya kanga iliyokunjwa, akushike vifundo, ushuke mbele polepole mwili umenyooka mpaka mikono ikudake. Hilo la mwisho linaitwa zoezi la Kinordiki, na timu zinazolifanya hupata nusu tu ya majeraha ya nyama za paja ukilinganisha na zisizolifanya. Lakini kama kano yako ilitolewa nyuma ya paja, usiliguse mpaka fizio aseme. Mzigo lazima upande: wiki hii begi tupu mgongoni, wiki zijazo begi na vitabu, baadaye debe la mahindi. Msuli usioongezewa mzigo haukui. Na kila asubuhi liangalie goti. Likiamka limevimba kuliko jana, jana ulizidisha, punguza, usiache.

Najua kuna mtu atakutajia mzee John Stephen Akhwari. Hata mimi nilikuwa nikitajiwa shuleni. Mexico City, mwaka 1968, alianguka katika marathoni, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka akafika uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Heshima yake haifutiki, na mimi ni wa kwanza kumwamkia. Lakini tazama alichofanya: alimalizia safari moja, mbio za maisha yake, akiwa mtu mzima aliyejiamulia. Hakuna beki aliyekuwa anamfuata kumkwatua. Kocha anayelitumia jina la mzee yule kumrudisha binti wa miaka 16 kwenye ndondo na goti la miezi mitano, huyo anamtumia mzee vibaya.

Nawe kocha, kwa kuwa umesoma mpaka hapa, una la kufanya pia. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yaliyotolewa na FIFA mwaka 2006, yanaitwa 11+. Ni dakika 20, hayataki kifaa zaidi ya mpira, na yana kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa sawa na vidole, pamoja na lile la Kinordiki. Norway waliyajaribu kwa mabinti 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Majeraha kwa ujumla yalipungua kwa takriban theluthi moja, yale makubwa kwa karibu nusu. Rwanda nao wameyajaribu kwenye timu za daraja la pili, yakapungua vilevile. Ukiona dakika 20 ni nyingi, hesabu dakika unazopoteza ukisubiri timu pinzani ifike.

Kabla sijafunga, nikujibu nawe kijana wa bodaboda wa Makambako uliyeniandikia. Ulivunjika muundi, ukakaa na hogo wiki nyingi, limetolewa, na sasa unaniambia mguu "umekauka" kama si wako. Haujakauka. Msuli usiotumika huanza kuyeyuka ndani ya siku chache, na wa mbele ya paja ndio unaotangulia. Azima futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya pia ya goti, mguu huu na ule, uandike na tarehe. Hiyo haipimi nguvu, ila inakuonyesha msuli umepungua kiasi gani. Anza na kukaza paja goti likiwa limenyooka, ukilikandamiza juu ya taulo lililokunjwa, kisha kunyanyua mguu mzima ulionyooka. Daktari akishahakikisha kwa picha kwamba mfupa umeshika, ingia kwenye ratiba ya binti wa Ilembula, kuanzia kiti cha kawaida.

Mama anataka upelekwe ukachuliwe. Mpe pole, mwambie dada kasema mfupa usioshika bado hauchuliwi, na goti lililoumia jana halikandwi kwa maji ya moto. Siku mbili tatu za mwanzo ni baridi, na baridi tunayo: maji ya bomba ya Njombe mwezi wa Juni hayadai friji.

Kuhusu kurudi barabarani, usiniulize tarehe. Simama na pikipiki ikiwa imezimwa, mtu amekaa nyuma, uiegemeze kwa mguu ulioumia peke yake. Goti likitetemeka, ufunguo mwachie mdogo wako kwa mwezi mwingine, mkagawane hesabu ya siku.